Kifuniko cha Tangi la Athanasi

Landrova ilikohoa, ikakohoa tena, ikajikongoja mpaka pembeni mwa barabara, kisha ikazima. Nyuma, juu ya mzani wa kupimia pamba na rundo la magunia matupu, Masunga alitabasamu peke yake. Hakuwa na haja ya kuficha, maana hakuna aliyemtazama. Wote watatu walikuwa mbele wamempa kisogo, na tangu Kwaresima kisogo ndicho alichozoea kupewa na watu wa kwao.

Aliyeshika usukani alikuwa Eufrasia, mjane wa kaka yake. Ndiyo, mwanamke, kwenye barabara ya Bariadi kwenda Nkololo, mwaka wa pili tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe kununua pamba, na kila mkokoteni wa ng'ombe waliopishana nao ulisimama ili mwenye ng'ombe ashangae vizuri. Marehemu Athanasi ndiye aliyemfundisha. Aliinunua Landrova hiyo chama cha ushirika kilipoanza kuuza vitu vyake chakavu, akaifufua, akampandisha mkewe kwenye usukani kana kwamba hana ndugu wa kiume. Hilo Masunga hakulisamehe hata siku ya mazishi. Halafu baada ya matanga, wazee walipopendekeza kwamba yeye amrithi mjane, Eufrasia alijibu mbele ya kikao kizima kwamba mume alikuwa naye na amemzika, na kwamba hatafuti mwingine, hasa si huyu. Ni lile "hasa si huyu" lililobaki likimwasha mwilini kama upupu.

Kati ya Eufrasia na mlango wa pili walibanana wazee wawili. Mmoja alikuwa Nyanjige, mama yake Masunga na marehemu. Mwingine alikuwa Ngeleja, baba mdogo, aliyetumwa na ukoo kuwa macho yao. Uamuzi wa ukoo ulikuwa mfupi. Landrova ikifika Nkololo na mzani wa kampuni, kazi ya msimu ni ya Eufrasia, na gari ni lake na watoto wake. Ikilala njiani tena kama ilivyozoea, itauzwa, itageuzwa ng'ombe, na ng'ombe hao watakaa kwenye zizi la Masunga kwa niaba ya watoto wa marehemu. "Tangu linunuliwe, hili gari limezaa nini?" Ngeleja aliuliza siku ya kikao, na hakuna Msukuma aliyeona pa kuanzia kumjibu.

Kwa hiyo Masunga alikuwa na haki ya kutabasamu. Ila furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Landrova ilipoanza kuzima ovyo, Eufrasia alitangaza kijiji kizima kwamba shemeji yake ametia mchanga kwenye tangi la petroli. Watu waliamini upesi, kama wanavyoamini kila baya juu ya mtu mwenye mdomo mchafu, na Masunga mdomo wake haukuwa safi. Majirani waliokuwa wamempa ng'ombe awachunge walikuja kuwachukua mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na kisingizio chake. Akifika penye pombe, mazungumzo yanabadilika. Ni mama yake tu aliyesimama naye, tena kwa sharti: aape.

Akaapa. Alichota udongo wa kaburi la kaka yake, katekista akiwa amekunja uso kando, akasema, "Tangi hili sijawahi kulifungua. Sijawahi kulitia mkono." Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Angesema tu kwamba hakutia mchanga, angekuwa ameapa kweli tupu. Mchanga hakutia. Lakini tangi alikuwa amelifungua, tena si mara moja, baada ya Athanasi kufa na kabla ya Eufrasia kulitia kufuli. Alikuwa akinyonya petroli kwa mpira na kumpelekea rafiki yake mmoja wa Migato mwenye pikipiki. Aliona siyo wizi sana, maana ni mali ya kaka yake. Siku ya kiapo alivimba kichwa, akataka kiapo kiwe kikubwa kuliko tuhuma, na kikawa hivyo.

"Mimi nimekuamini," Nyanjige alimwambia siku ile. "Sina mwingine wa kumwamini. Aliyekuwepo umekanyaga juu yake." Tangu hapo bibi kizee huyo alikosana na nusu ya ukoo kwa ajili ya mwanawe, na leo alikuwa amekataa katakata kubaki nyumbani. Alitaka kuona kwa macho yake huo ugonjwa wa gari ambao mwanawe anasingiziwa.

Eufrasia alishuka, akafungua boneti, akakunja mikono ya blauzi.

"Inakunywa au hainywi?" Ngeleja aliuliza kutoka ndani, kama mtu anayeulizia ndama mgonjwa.

"Ndiyo naangalia, baba."

Alifungua bomba jembamba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta, akaligeuzia ndani ya kopo. "Shemeji, zungusha hendeli."

"Mimi leo ni mzigo," Masunga alisema bila kujisogeza. "Umeshaona mzigo unazungusha hendeli?"

"Masunga," mama yake aliita, na jina hilo peke yake lilimtosha. Akashuka, akachomeka hendeli, akazungusha mpaka bega likauma. Kopo lilibaki kavu.

"Petroli haifiki," Eufrasia alisema. "Tangi lina petroli, nimejaza mwenyewe mjini. Pampu ni nzima. Kati ya tangi na pampu kuna kitu kimekaa."

"Kitu gani?"

"Aliyekitia ndiye anayekijua."

Masunga alicheka kicheko cha puani. "Fungua basi hicho kikombe cha kioo hapo chini ya pampu. Mchanga si ndipo unapotulia? Tuonyeshe."

Eufrasia akakifungua. Kikombe kilikuwa na petroli kidogo, safi, unaweza kuona kucha yako chini yake. Eufrasia alikitazama, akakirudisha, na Masunga akamgeukia mama yake aone kwamba mama ameona.

"Ni mchanga mwembamba," Eufrasia alisema. "Umeganda kwenye bomba. Haufiki hata huku." Akavua ufunguo shingoni, akaenda ubavuni kwa gari, akafungua kufuli na kifuniko cha tangi ili hewa ipate pa kutokea, kisha akarudi mbele, akachomoa kwenye pampu bomba linalotoka kwenye tangi, akalitia mdomoni, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ndani ya tangi petroli ikasikika ikichemka mapovu. Alitema mate, akafuta midomo kwa pindo la kanga, akalirudisha bomba. "Zungusha."

Safari hii petroli ilikuja. Akafunga bomba, akakaza kifuniko, akatia kufuli, na Landrova ikawaka kana kwamba haijawahi kuugua.

"Umeona, baba?" alimwambia Ngeleja. "Nikipuliza, mchanga unarudi nyuma. Ikitembea kidogo, unarudi kuziba." Ngeleja akatikisa kichwa kwa uzito. Maneno hayo yalikuwa na sura ya ukweli, na hiyo ndiyo sababu yalikuwa yamemmaliza Masunga kijijini.

Hawakwenda mbali. Ilikohoa tena walipovuka korongo, ikazima penye mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, miti yake imebaki mikavu na manyoya machache machafu yamening'inia. Eufrasia aliteremka akiwa amenuna. Safari hii hakupoteza muda, kwa kuwa alijua atapuliza. Alianzia kwenye tangi.

"Simama hapo nikuone," alimwambia Masunga. "Sitaki mtu nyuma yangu."

"Nikitaka kukudhuru nitahitaji kuja nyuma yako?"

Lakini alisimama pale pale alipoonyeshwa, karibu kabisa na mdomo wa tangi, na kwa kusimama hapo alisikia. Kifuniko kilikataa kwanza, kama kuna mtu ndani amekishikilia. Eufrasia alikizungusha kwa hasira, na kilipoachia, tangi lilivuta pumzi ndefu ya kunyonya. Kisha kimya. Eufrasia hakulijali hilo, alikuwa ameshafika mbele na spana yake. Alifungua bomba la kabureta, akaweka kopo.

"Zungusha."

Masunga alizungusha, na petroli ikamwagika ndani ya kopo kwa nguvu, nyekundu na nyingi, ikamrukia Eufrasia mkononi. Hakuwa amepuliza bado. Alikunja uso kidogo, akaipangusa, kisha akachomoa bomba la tangi, akalitia mdomoni akapuliza hata hivyo, kwa mazoea.

Masunga alipanda juu ya magunia yake, akakaa. Siri ya gari ilikuwa imempata ghafla, tena yote kwa mpigo. Nani asiyejua debe la mafuta ya kula? Mwenye duka akitoboa tundu moja, mafuta yanatoka kwa kusuasua, yanakatika. Anatoboa la pili upande wa juu, hewa inaingia, mafuta yanashuka. Pampu ya Landrova ilikuwa inanyonya kutoka kwenye debe lisilo na tundu la pili. Ilinyonya mpaka tangi likakauka pumzi, ikashindwa. Wakifungua kifuniko, inapona. Fundi mmoja wa mjini, aliyewahi kubadilisha pampu bila mafanikio, alilijaribu gari kifuniko kikiwa kimewekwa juu ya benchi, na likaunguruma siku nzima. Kupuliza hakukuwa na kazi yoyote. Na kifuniko kile Masunga alikijua. Alikuwa amekishika mara nyingi akisubiri dumu lijae, na upande wa ndani, pembeni ya springi, kulikuwa na katundu kadogo ambako mvuke wa petroli ulikuwa ukimpuliza kidole gumba.

Sasa kulikuwa na mpira na sabuni. Aliiona sabuni Eufrasia alipokifungua kifuniko, ikiwa imezunguka ukingo, nyeupe. Alijua ni kazi ya nani.

Akatulia na jambo lake, Landrova ikiruka juu ya makorongo. Akinyamaza, gari litazima tena, Ngeleja atatamka neno, na ng'ombe watakuja. Zizi alikuwa ameshalipanua upande wa mashariki. Akisema, gari litapona na ng'ombe watapotea, lakini jina lake litarudi. Watu watajua kwamba aliyeliua gari ni Eufrasia kwa mkono wake, na kwamba Masunga ameonewa. Alifikiri vile wale majirani watakavyorudisha ng'ombe wao kuchungwa, kila mtu na kisingizio chake kipya. Na alifikiri juu ya mama yake kutembea kijijini kichwa juu. Moyo wake ulivutwa huku na huku, nao uliuma, maana hakuwa mtu mwema kiasi cha kuachia ng'ombe bila kuumia.

Ilizima mara ya tatu Nkololo ikiwa inaonekana, bati za ghala la pamba ziking'aa juani mbele yao.

Ngeleja alishuka, akajinyoosha mgongo, akaitazama barabara. "Basi," alisema. "Mimi nimeona. Limelala."

"Nipulize mara moja tu, baba. Tumeshafika."

"Utapuliza msimu mzima? Kampuni itakupa kazi ya kupuliza? Litauzwa."

Masunga alihitaji tu kufunga mdomo. Ng'ombe walikuwa wameshaingia zizini. Lakini mama yake naye alikuwa ameshuka, ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

"Liuzwe," Nyanjige alisema. "Lakini huyu binti aache kutukana mwanangu. Masunga ameapa."

"Kuapa ni maneno, mama," alisema Eufrasia. Alikuwa amechoka, machozi yalikuwa karibu, na alilisema bila hata kumtazama. "Mdomo wake unasema chochote."

Hapo Masunga akaruka chini. Hakufikiri tena, alitaka tu kumwona mwanamke huyu akiaibika mbele ya wote, tena leo, tena hapa.

"Lete ufunguo."

"Wa nini?"

"Lete ufunguo nikuonyeshe ulichokifanya."

Ngeleja ndiye aliyempa ishara Eufrasia, naye akauvua shingoni, akamtupia. Masunga alifungua kufuli. "Sogeeni. Baba, sogea. Mama, sikiliza." Alikizungusha kifuniko, kikakataa, akakilazimisha, na tangi likanyonya kwa sauti ambayo hata Nyanjige, mwenye masikio ya shida, aliisikia. "Mmesikia? Hilo ni tangi linatafuta hewa. Debe la mafuta mnalitoboa matundu mangapi? Huyu amelibana pumzi halafu anashangaa kwa nini halinywi."

Akakigeuza kifuniko juu ya kiganja. Mpira mweusi uliokatwa kwenye tyubu ya tairi, na juu yake sabuni ya mche iliyopakwa nene mpaka katikati.

"Chini ya sabuni hii, hapa, pembeni ya springi, upande huu," alisema, akigusa mahali penyewe kwa ncha ya kidole, "kuna tundu. Dogo, sindano ndiyo inayopita. Hiyo ndiyo pua ya tangi. Amelikaba." Alivunja mwiba kwenye kichaka cha barabarani, akakwangua sabuni pale pale aliposema, na tundu likatokea, safi, duara. Akalipuliza. Likatoa mlio mwembamba. "Mchanga uko wapi, shemeji? Nionyeshe punje moja. Umeninyima ng'ombe wa watu, umeninyima salamu za watu, na muuaji wa gari ni wewe. Sema sasa, mama asikie."

Aliyasema yote hayo kwa raha, na raha hiyo ilionekana. Ngeleja alichukua kifuniko, akakitazama, akamtazama Eufrasia. Nyanjige alifumba macho na kuyafumbua, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Masunga hakuwa amekiona tangu matanga.

Eufrasia alikitazama kile kifuniko. Hakulia.

"Sabuni niliweka mimi," alisema. "Na mpira nilikata mimi. Petroli ilikuwa inapungua gari likiwa limelala nyumbani, nikasema nizibe kila mahali kisha nitie kufuli. Nikapaka sabuni kama mtu anayeziba kihenge, sikuacha hata kaufa. Gari nimeliua mimi, baba. Kwa habari ya mchanga nilimsingizia shemeji, na nitalisema hivyo hivyo kwenye kikao, nikiwa nimesimama."

Masunga alijaza kifua.

"Lakini tundu hilo mimi nilikuwa silijui," Eufrasia aliendelea, kwa sauti ile ile. "Liko ndani, tena ni dogo, na nilipaka sabuni bila kuliona. Athanasi hakuwahi kumpa mtu kifuniko hiki, hata mimi. Alikuwa anajaza mwenyewe. Wewe umeliwekea kidole kabla hujakwangua. Ulikishika lini, shemeji?"

Masunga alitafuta jibu. Kulikuwa na majibu mengi, na kila alipolishika moja aliliona lina ukucha.

"Nimekisia," alisema.

"Umekisia mpaka na springi?" Ngeleja aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikirudisha kifuniko mahali pake, akakaza, akampa Eufrasia ufunguo wake. "Gari ni lako, mkwe. Limepona."

Masunga alikuwa anamtazama mama yake. Kile kilichokuwa usoni mwa Nyanjige kilikuwa kimeshaondoka, na bibi alikuwa amesimama ameishikilia mikono yake mwenyewe, akiisugua, kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Mayu," Masunga alimwita mama yake kwa Kisukuma. "Mchanga sikutia. Haki ya Mungu, mchanga sikutia."

"Hukuapa mchanga," Nyanjige alisema. "Uliapa tangi. Ulishika udongo wake mkononi, ukaapa tangi."

Akageuka, akapanda mbele, akavuta mlango mwenyewe. Ngeleja akafuata. Hakuna aliyemwambia Masunga abaki, na hakuna aliyemwambia apande. Alipanda nyuma mwenyewe, akakaa juu ya magunia. Eufrasia alizungusha ufunguo, na Landrova ikaunguruma, ikapanda mwinuko wa mwisho bila kukohoa hata mara moja. Masunga aliomba izime. Aliomba kwa moyo wote, bila kujua ingemsaidia nini sasa, lakini ilikwenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda Athanasi akiwa hai.

Ghalani watu walikuwa wamejaa na marobota yao ya pamba, wakapiga vigelegele walipoona mzani. Karani wa kampuni, mgeni kutoka Mwanza, alitoka akiwa anatabasamu, akampa mkono Eufrasia, akampa Ngeleja, akamwinamia Nyanjige na kumwamkia vizuri. Kisha akamwona mtu aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa ameshuka.

"Na yule, bibi? Ni mwanao?"

Nyanjige aligeuka akamtazama Masunga. Alimtazama kwa makini sana, kuanzia miguuni mpaka usoni, kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

"Ni fundi," alisema. "Tumempata njiani."